Kamusi ya baba: nikubali ikatwe mgongo?

Swali: Shikamoo fundi. Nina kamusi niliyoachiwa na marehemu baba, kurasa 640, jalada gumu la kitambaa. Jalada limebanduka upande mmoja, na katikati kurasa zimechomoka, si moja moja bali kwa mafungu, mawili hivi. Mwanzoni nilizishika kwa selotepu nikadhani nimemaliza kazi. Sasa mtu mmoja mwenye mashine ya kufungia vitabu ameniambia ataukata mgongo, aupake gundi ya moto, na ndani ya dakika kumi kitabu kitatoka kipya. Moyo unasita, maana ndani ya jalada kuna mwandiko wa baba. Je, nikubali? Na nisipokubali, naweza kukishona mwenyewe nami sijawahi kuigusa kazi hii?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usikubali. Kama umeshamkabidhi, kakichukue leo kabla hajawasha mashine, kisha rudi uendelee kusoma.

Simtukani huyo mwenye mashine. Mashine yake ina kazi zake, na nitazitaja. Ila anachotaka kuifanyia kamusi yako hakina marejeo. Mkunjo wa karatasi ukishakatwa umekwenda, na hakuna fundi wa kuurudisha. Kushona unaweza kesho, mwezi ujao, hata baada ya miaka kumi. Kukata ni mara moja.

Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe uliposema kurasa zimechomoka kwa mafungu. Kitabu cha kushonwa hakijengwi kwa jani moja moja. Karatasi hukunjwa katikati, zikaingizwa moja ndani ya nyingine, mara nyingi nne nne, zikawa fungu moja lenye majani manane, yaani kurasa 16. Uzi hupita ndani ya mkunjo wa kila fungu na kulifunga kwa jirani yake. Kwa hesabu hiyo kamusi yako ina mafungu 40. Fungu likichomoka zima, maana yake uzi umekatika au umelegea, lakini mkunjo bado uko hai. Kitabu cha gundi tupu hakifi hivyo. Chenyewe hudondosha jani moja leo, jingine kesho, mpaka unakifunga kwa raba.

Hata hivyo hakikisha kwa macho. Kaa penye mwanga, tazama kwa juu pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona vijipinde vidogo vimepangana kama vigae vya paa, hayo ni mafungu. Kisha fungua katikati ya fungu mojawapo, utafute uzi uliolala kwenye bonde la mkunjo. Usiridhike na mafungu peke yake. Siku hizi wapo wachapaji wanaokunja mafungu vizuri kabisa, kisha wakayachanja mgongoni ili gundi ipenye, bila uzi hata inchi moja. Uzi ukiuona, umepona.

Watu wakisikia kujalidi kitabu huwaza jalada. Lugha yenyewe imetuponza kidogo: jalada limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi, na mjeledi ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hiyo tunatazama ngozi, tunasahau mifupa. Mteja akiniletea kitabu hunionyesha jalada lililochakaa, nami nakigeuza nitazame mgongo, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Jalada la kitambaa kama la kwako si sehemu ya mshono hata kidogo. Zamani kamba za mshono zilipenyezwa kwenye mbao au kadibodi za jalada zenyewe, zikafungwa humo, ndipo ngozi ikaja juu. Kitabu na jalada vilikuwa mwili mmoja. Miaka ya 1820 na 1830 wachapishaji wa Uingereza walianza kuuza vitabu vikiwa vimeshavikwa kitambaa, na tangu hapo jalada hutengenezwa pembeni peke yake kama koti, kitabu kikaja kuvishwa mwishoni. Kinacholishika koti hilo ni kitambaa chepesi chenye matundu, mfano wa bandeji, kilichogandishwa mgongoni, pamoja na zile karatasi za mwanzo na mwisho zilizobandikwa ndani ya jalada. Basi. Kwa hiyo jalada kubanduka upande mmoja si msiba. Ni bawaba imelegea, na bawaba hubadilishwa bila kuvunja mlango.

Sasa turudi kwenye gundi. Wazo la kukata mikunjo na kubandika si la jana. Mwaka 1836 William Hancock, Mwingereza, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kufunga vitabu kwa mpira: mikunjo inakatwa, majani yanapakwa utomvu wa mpira mgongoni, hakuna sindano wala uzi. Vitabu hivyo vilipendwa, maana vilifunguka bapa mezani, jambo zuri sana kwa vitabu vya picha. Miaka ikapita, mpira ukakauka ukawa makombo, na leo ukikifungua kimoja kinamwagika kama karata.

Gundi ya moto ya sasa ni bora kuliko ule mpira. Huyeyushwa kwenye nyuzi 160 hadi 180 hivi za Selsiasi, hupakwa, na ndani ya muda mfupi imeshakuwa ngumu; ndiyo maana dakika kumi zinamtosha rafiki yako. Lakini ugumu huo ndio kasoro yake. Kitabu si tofali, ni kiungo. Kila unapotafuta neno mgongo unapinda, na gundi iliyozeeka haipindi, inapasuka. Ikishapasuka, dawa yake ni kukatwa tena milimita mbili tatu na kubandikwa upya. Kamusi nayo haina ukingo mpana wa ndani wa kuchezea. Ikikatwa mara mbili, safu ya ndani ya maneno inaanza kuzama mgongoni na utakuwa unaichungulia.

Tasnifu, ripoti, nakala za masomo: hizo mpelekee bila wasiwasi, hazitafutiwi miaka mia. Na kama kamusi yako ingekuwa tayari ni majani matupu, ningekushauri gundi mimi mwenyewe, ila ile nyeupe ya baridi, kwa njia aliyoieneza Mjerumani Emil Lumbeck miaka ya 1930. Majani hubanwa pamoja, mgongo ukapindwa upande mmoja ili kila jani lichungulie kidogo, unapaka. Unapinda upande wa pili, unapaka tena. Hapo jani linashikwa na jirani yake kwa ubavu, si kwa ncha tu. Ni njia ya heshima kwa kitabu ambacho hakina mkunjo wa kuokoa. Chako kinao.

Kuna jingine ambalo mashine italifanya bila kukuuliza, nalo ni kunyoosha kingo. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza kazi, niliachiwa kitabu cha mzee mmoja. Kingo zake zilikuwa zimechakaa, nyeusi kwa vidole. Nikakibana, nikakata milimita tatu pande zote tatu. Kilitoka kimenyooka kama mche wa sabuni, nami nikakiweka juu ya meza nikijitazamia sifa. Mzee alipokuja alikifungua, akapitisha kidole ukingoni mwa ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Marehemu mkewe alikuwa na mazoea ya kuandika pembeni kwa penseli. Sasa kila mstari ulikuwa umekosa herufi mbili tatu za mwisho. Makombo nilikuwa nimeshayachoma moto asubuhi ile. Hakunigombeza. Alilipa akaondoka, na afadhali angenigombeza.

Wakubwa nao wamewahi kukosea hivyo. Kitabu cha Kells, zile Injili za kuandikwa kwa mkono zilizoko Trinity College, Dublin, kilinyooshwa kingo na fundi wa karne ya 19, na vipande vya michoro ya pembeni vikaenda na makombo. Roger Powell alipokijalidi upya mwaka 1953, katika juzuu nne, kilichokatwa kilikuwa kimeshakwenda. Basi hata ukimpata fundi mzuri wa kushona, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe: kingo zisiguswe.

Umeniuliza kama unaweza kufanya mwenyewe. Zamani mtu alijifunza kazi hii miaka saba. Michael Faraday, yule mwanasayansi, aliingia kwa mjalidi na muuza vitabu George Riebau, London, mwaka 1805, akiwa na miaka 14, akaimaliza miaka yake saba huku akisoma alichokuwa akikishona. Hotuba za mwanakemia Humphry Davy aliziandika, akazijalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka 1813 akaajiriwa maabara. Huwa nawatania vijana wangu kwamba siku ile fizikia ilipata mtu na sisi tukapoteza fundi. Lakini wewe hutafuti ufundi wa miaka saba, unataka kushona kitabu kimoja. Unaweza, kwa sharti kwamba kamusi ya baba isiwe kitabu chako cha kwanza. Shona kwanza daftari tatu za karatasi tupu. La kwanza litakuwa baya. La pili utalificha. La tatu utaliandikia.

Kabla ya sindano, pima karatasi. Karatasi nyingi za kuanzia katikati ya karne ya 19 zina ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mwaka 1807 Moritz Illig alieleza namna ya kuitia karatasi ulimbo wa msonobari na shabu ili wino usitawanyike. Miaka ya 1840 Friedrich Gottlob Keller akaja na njia ya kusaga mbao ziwe karatasi. Karatasi ikawa rahisi, na tindikali ikaingia nayo, ikiila kutoka ndani mpaka inakuwa ya manjano na kavu kama jani lililoanguka. Chukua kona ya karatasi isiyo na maandishi, ile ya mwishoni, uikunje mbele na nyuma taratibu. Ikivumilia mikunjo kadhaa, shona. Ikikatika mkunjo wa kwanza au wa pili, weka sindano chini, kwa sababu uzi wenyewe utaikata kama msumeno. Kitabu cha namna hiyo kitengenezee sanduku la kadibodi isiyo na tindikali, kikae humo kama kilivyo.

Tuseme karatasi yako imefaulu. Usikimbilie kukifumua kitabu chote. Hili ndilo kosa la wanaoanza: wakishajua kushona wanataka kushona kila kitu. Bana mafungu yaliyobaki kwa kidole gumba, moja moja, ujaribu kuyatikisa. Kama yamekaa imara, kazi yako ni yale mawili tu. Utayarudisha mahali pake, ukapitisha uzi mpya kwenye matundu yaleyale ya zamani, na kila unapotoka nje ya mgongo unanasa uzi wa fungu la jirani kabla ya kuingia tena. Kisha bandeji mpya, jalada lirudi, umemaliza kwa siku mbili pamoja na muda wa kukausha. Kitabu kilichoguswa kidogo hudumu kuliko kilichopendwa sana.

Ile selotepu usiivute. Selotepu zilianza kuuzwa mwaka 1930, na tangu hapo zimetupatia kazi kuliko panya na mchwa. Plastiki yake hubanduka baada ya miaka, lakini gundi inabaki, inaingia kwenye karatasi na kuacha doa la rangi ya asali. Ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, moto wa chini, huku unapenyeza kisu butu chembamba bila haraka. Gundi iliyobaki isugue kwa raba laini mpaka ijikusanye vipunje. Doa likigoma, liache. Nimeona ukurasa uliotobolewa na mtu aliyekuwa akipigana na doa.

Kama mafungu mengi yamelegea, basi hapo utakifumua. Fungua katikati ya kila fungu, kata uzi kwa wembe, lichomoe fungu ulilaze kwa mpangilio. Mgongoni utakuta gundi ya zamani. Ikiwa ni gundi ya mifupa au ngozi, kahawia na kavu, paka juu yake gundi nzito ya wanga, subiri dakika kumi au ishirini, nayo italainika uikwangue bila kuumiza karatasi. Hapo utaona kwa nini nawasifu mafundi wa zamani: gundi yao ilishika miaka mingi, na bado ilikubali kuachia ilipoombwa kwa maji. Ile ya moto haiombeki hivyo.

Mikunjo iliyochanika uivalishe ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani, upana wa sentimita moja, kwa gundi ya wanga, kwa nje ya mkunjo. Gundi hiyo ni rahisi: sehemu moja ya wanga wa ngano kwa sehemu nne au tano za maji, koroga kwenye moto mdogo nusu saa bila kuacha, iache ipoe, uipitishe kwenye chujio. Ukiiona inateleza kwenye brashi kama malai, imeiva. Haikai siku nyingi, kwa hiyo pika kidogo kidogo.

Sasa mshono. Utahitaji uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, sindano isiyo kali sana (kali inatoboa njia yake yenyewe), msharasi wa kufungulia matundu yaliyoziba, na tepe tatu za kitani zilizosimamishwa wima ukingoni mwa meza. Laza fungu la kwanza, mkunjo wake ukigusa tepe. Ingia kwa nje kwenye tundu la mwisho upande wa chini, ukiacha mkia wa uzi wa kama kidole. Ndani ya mkunjo tembea mpaka tepe ya kwanza, toka, ivuke tepe kwa nje, ingia tena. Fanya hivyo kwa zote tatu, utoke tundu la mwisho la juu. Weka fungu la pili juu yake, ingia, rudi ulikotoka kwa mwendo uleule. Ukifika mwisho funga na ule mkia. Kuanzia fungu la tatu, kila unapotoka kwenye tundu la mwisho, pitisha sindano kati ya mafungu mawili ya chini, uzungushe, uvute juu. Hilo fundo dogo ndilo linalokamatisha vichwa na miguu ya mafungu yote, na likisahaulika mara moja tu utaliona pengo lake maisha yote ya kitabu.

Uzi vuta kuelekea unakokwenda. Ukiuvuta kurudi nyuma, au ukiuinua wima, unachana mkunjo, na utausikia ukichanika. Kuhusu kukaza: weka kidole juu ya uzi ndani ya mkunjo. Uwe umenyooka, lakini usilie kama uzi wa zeze. Ukilia umekaza mno na kitabu hakitafunguka. Ukibonyea umelegeza, na baada ya mwaka mafungu yataanza kusogea kama meno mabovu.

Mshono wa kuunganisha fungu na fungu ni wa kale kweli. Wakristo wa Misri, Wakopti, walishona vitabu vyao kwa mnyororo wa uzi bila tepe wala kamba, na mshono huohuo umo kwenye Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo cha mwanzoni mwa karne ya 8 kilichokutwa ndani ya jeneza la mtakatifu huyo huko Durham, Uingereza, mwaka 1104. Jalada lake la ngozi nyekundu na mshono wake wa kwanza vipo mpaka sasa, British Library. Zaidi ya miaka 1,200 ya uzi.

Kwako kuna hesabu ambayo usipoifanya mapema itakuumbua. Uzi unaongeza unene mgongoni tu, si ukingoni. Uzi wa milimita 0.3 mara mafungu 40 ni milimita 12. Kitabu cha majani 320 kwa karatasi ya kamusi kinaweza kuwa na unene wa milimita 25 hivi, kwa hiyo mgongo ungekuwa mnene karibu mara moja na nusu ya ukingo, kitabu kikakaa kama kabari. Uzi unazama kiasi kwenye karatasi ukibanwa, lakini si kiasi hicho. Mafundi huwa na hila yao: hushona mafungu mawili kwa mwendo mmoja wa uzi, ukiingia kidogo kwenye la chini, ukavuka tepe, ukaingia kwenye la juu, ukarudi la chini. Uzi unapungua nusu, milimita sita badala ya 12. Uvimbe unaobaki si adui. Ndio unaokuwezesha kuugonga mgongo taratibu kwa nyundo mpaka uwe wa duara, na mabega yakatokea pande mbili ya kupokea kadibodi za jalada. Mgongo usio na uvimbe kabisa, baada ya miaka michache huingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno.

Mshono ukiisha, bana kitabu kwenye jiliwa kati ya mbao mbili, paka mgongoni gundi ya wanga, laza bandeji ikitokeza sentimita tatu kila upande, kisha karatasi imara juu yake. Angalia mwelekeo wa nyuzi za kila karatasi na kadibodi: zote ziende sambamba na mgongo. Karatasi ikilowa hutanuka kukata nyuzi zake, wala si kuzifuata, na ukikosea jalada litajikunja kama chapati iliyoungua. Kujua mwelekeo si kazi. Ipinde karatasi kwa viganja huku na huku, upande unaokubali kirahisi ndiko nyuzi ziliko. Nakshi za dhahabu na maandishi ya mgongoni siyagusi hapa. Katika karakana za zamani kazi hiyo ilikuwa na fundi wake, asiyeshika sindano.

Labda utaniuliza kwa nini nang'ang'ania gundi ya wanga wakati ile nyeupe inashika zaidi. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, Italia, na mamia ya maelfu ya vitabu vya Maktaba ya Taifa ya huko vikazama kwenye maji, matope na mafuta. Mafundi waliokwenda kusaidia, akina Peter Waters na Christopher Clarkson, walipata darasa ambalo hakuna aliyelitaka: vitabu vya kila zama vimelazwa mbele yao, vimelowa, waone kipi kimestahimili. Clarkson alivutiwa na vile vilivyofungwa kimaskini, kwa ngozi nyembamba ya kuwambwa, bila kadibodi na kwa gundi kidogo au bila gundi kabisa; vingi vilikuwa vimesimama wakati vya kifahari vimeachana. Tangu hapo kazi yetu imekuwa na sheria ambayo hatuitii kila siku lakini wote tunaijua: usifanye kitu ambacho fundi atakayekuja baada yako hataweza kukitengua. Mimi huenda ningependa kubishana naye, lakini sitakuwepo.

Ukiona bora umpe fundi, muulize maswali mawili. Atakishona au atakibandika? Na gundi yake, ikilowa itaachia? Asipoelewa swali la pili, shukuru kwa heshima ubebe kitabu chako. Kitabu cha mwandiko wa mkono, au chenye jalada la ngozi inayoacha vumbi jekundu mikononi, usikijaribu mwenyewe hata baada ya daftari kumi.

Mwandiko wa baba nao. Upo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, na jalada likirudishwa watu wengi hubandika karatasi mpya juu yake, bila ubaya, mwandiko ukazikwa. Usifanye hivyo wala usiruhusu. Jaribu kwanza wino kwa ncha ya pamba yenye unyevu, kwenye nukta moja tu. Ukitoa rangi, maji yasikaribie hapo. Ibandue karatasi kwa ukavu, kwa kisu chembamba, ukianzia upande ulioachia, pale bawabani, sentimita tatu tu. Penyeza bandeji mpya chini yake, irudishe juu kwa gundi nzito ya kiasi kidogo. Mwandiko utabaki palepale alipouandika, na bandeji itakuwa imefichwa nyuma yake. Weka karatasi ya nta katikati, funga kitabu, kibane chini ya uzito mpaka kesho yake. Ukikwangua mgongo wa zamani pia angalia ulichokwangua: mafundi walikuwa wakijazia mgongo na jalada kwa karatasi chakavu, na majalada ya vitabu vya Nag Hammadi, vilivyopatikana Misri mwaka 1945, yalijulikana umri wake kwa sababu ndani yake mlikuwa na mabaki ya nyaraka zenye tarehe. Kwako yaweza kuwa gazeti tu. Litie kwenye bahasha, uandike limetoka wapi.